Rangi ya Bahari: Historia ya Kuzipima Fitoplanktoni kutoka Angani

Fitoplanktoni ni viumbe vidogo mno vinavyoelea katika tabaka la juu la bahari na maziwa, yaani tabaka linalofikiwa na mwanga wa jua, na ambavyo hujitengenezea chakula kwa usanisinuru kama yanavyofanya majani ya miti ya nchi kavu. Vingi kati yake ni vya seli moja tu. Kidogo kuliko vyote, Prochlorococcus, ambacho wanasayansi hawakukitangaza hadi mwaka 1988, hakifikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Dagaa, jodari, papa na nyangumi, kwa njia fupi au ndefu, wote hula kile kilichoanza kutengenezwa na fitoplanktoni, na hesabu zilizochapishwa mwaka 1998 na Christopher Field na wenzake zilionyesha kwamba karibu nusu ya kaboni inayogeuzwa na mimea na viumbe wenziwe kuwa chakula kila mwaka duniani hugeuzwa baharini. La kustaajabisha ni kwamba uzito wa fitoplanktoni zote zilizo hai kwa wakati mmoja ni chini ya asilimia moja ya uzito wa mimea yote ya dunia, kwa kuwa seli hizo huzaliana na kuliwa ndani ya siku chache, hivyo zinazoonekana leo si zile zilizokuwapo juma lililopita.

Sifa hiyo ya kuzuka na kutoweka upesi ndiyo iliyozishinda meli za utafiti kwa zaidi ya karne moja, kwa maana meli huhitaji majuma kadhaa kuivuka bahari kuu, na kabla haijafika ng'ambo hali ya maji iliyoyaacha nyuma imekwisha kubadilika. Setilaiti zilipokuja, ilidhaniwa kwamba tatizo limekwisha, na hata leo habari hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba ulikuwa ushindi wa chombo cha angani peke yake. Ushahidi unaonyesha vingine. Rangi ya bahari iligeuka kuwa kipimo cha kuaminika pale tu watu walipojifunza kuondoa, kwa hesabu za uvumilivu, mwanga usiotoka baharini, walipoendelea kuteremka majini kuhakikisha namba zao, na walipokubali kulipa gharama ya kupima mwaka baada ya mwaka bila kukatiza. Pale sharti mojawapo lilipopuuzwa, elimu ilipotea, na sehemu ya elimu hiyo haitarudi.

Wazo la kuyachunguza maji kwa macho ni la zamani. Mwaka 1865, padri na mwanafalaki Angelo Secchi alipanda merikebu ya Baba Mtakatifu, l'Immacolata Concezione, karibu na bandari ya Civitavecchia nchini Italia, akateremsha sahani nyeupe majini kwa kamba na kuandika kina ambacho sahani hiyo ilitoweka machoni. Kipimo hicho, ambacho bado kinatumika, hueleza uangavu wa maji, na mahali penye fitoplanktoni nyingi sahani hupotea mapema. Mwishoni mwa karne ya 19, Mswisi François-Alphonse Forel, ambaye utafiti wake juu ya Ziwa Geneva ndio uliozaa sayansi ya maziwa, alitengeneza mfululizo wa vichupa vya maji yaliyotiwa rangi, kuanzia buluu hadi kijani, na Mjerumani Wilhelm Ule akauendeleza hadi kahawia, ukafikia rangi 21 ambazo baharia aliweza kuzilinganisha na maji ya kando ya chombo chake. Na mwaka 1921, Mhindi C. V. Raman, akiwa safarini katika Bahari ya Mediterania, alitilia shaka dai lililokuwa limezoeleka kwamba bahari huonekana ya buluu kwa sababu tu ya kuakisi mbingu. Alionyesha kwamba molekuli za maji zenyewe huutawanya mwanga, na utafiti uliofuata juu ya kutawanyika kwa mwanga ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Kutokana na kazi hizo na za wengine, kanuni ya msingi ilieleweka. Maji safi hufyonza mwanga mwekundu na kuubakisha wa buluu, na sehemu ya buluu hiyo hutawanywa na kurudi juu. Fitoplanktoni nazo zina klorofili, rangi ya kijani ya mimea, ambayo hufyonza kwa nguvu mwanga wa buluu ulio karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 443 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na kuuacha wa kijani ulio karibu na nanomita 550 upite karibu bila kuguswa. Kwa hiyo, kadiri klorofili inavyoongezeka majini, ndivyo buluu inavyopungua huku kijani ikibaki, na uwiano kati ya rangi hizo mbili unaweza kugeuzwa kuwa makadirio ya miligramu za klorofili katika kila mita ya ujazo ya maji. Katikati ya bahari kuu, ambako virutubishi ni haba, kiasi hicho hushuka chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu. Pwani ambako maji ya kina hupanda huzidi miligramu kadhaa.

Melini, klorofili hupimwa kwa kazi ya mikono isiyo na njia ya mkato. Maji huchotwa kwa chupa maalumu kutoka kina kinachotakiwa, huchujwa katika gizagiza kupitia karatasi ya nyuzi za kioo inayozinasa seli, kisha karatasi hiyo hulowekwa katika asetoni iliyopoa ili klorofili iyeyuke itoke, na mwishowe kimiminika cha kijani kinachopatikana hutiwa katika mashine inayopima mng'ao wake. Matokeo ni namba moja, ya mahali pamoja, kwa saa moja. Hakuna setilaiti iliyowahi kuifanya kazi hii isiwe ya lazima, kwa sababu kila fomula inayogeuza rangi kuwa klorofili imejengwa juu ya maelfu ya namba za namna hiyo.

Hatua ya kwenda juu ilianzia Marekani. Charles Yentsch alichapisha mwaka 1960 makala juu ya namna rangi za fitoplanktoni zinavyobadilisha rangi ya maji ya bahari, na miaka minne baadaye Gifford Ewing wa Woods Hole aliitisha mkutano wa kujadili sayansi ya bahari kutoka angani, wakati ambapo wataalamu wengi wa bahari hawakuona setilaiti ingewafaa nini. Ewing, pamoja na George Clarke na Carl Lorenzen, alipeleka ndege juu ya maji yaliyokuwa yakipimwa pia na meli, wakarekodi wigo wa mwanga unaorudi kutoka baharini. Makala yao katika jarida la Science mwaka 1970 ilikuwa na habari njema na mbaya kwa pamoja. Njema ni kwamba tofauti kati ya maji yenye klorofili nyingi na yenye klorofili kidogo ilionekana dhahiri kutoka kwenye ndege iliyoruka chini; mbaya ni kwamba ndege ilipopaa hadi kilomita tatu hivi, tofauti hiyo ilififia, kwa sababu hewa iliyo kati ya ndege na bahari ilikuwa iking'aa kwa mwanga iliyoutawanya yenyewe.

Jambo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwani ndilo kiini cha taaluma yote. Setilaiti inapoitazama bahari, sehemu kubwa ya mwanga inaoupokea, yapata asilimia 90, haikugusa maji kwa ndani hata kidogo: ni mwanga wa jua uliotawanywa na molekuli za hewa, vumbi, chumvi na moshi, au ulioakisiwa na uso wa bahari. Mwanga uliozama, ukapita kati ya seli na kurudi juu, ni ile sehemu ndogo iliyobaki. Kosa la asilimia chache katika kukadiria mwanga wa hewa huwa kosa kubwa katika kukadiria mwanga wa bahari. Howard Gordon, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Miami, ndiye aliyeonyesha njia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mchango wa molekuli za hewa ungeweza kukokotolewa kwa kanuni za fizikia zilizojulikana. Uliosumbua ni mchango wa vumbi na chembe nyingine, unaobadilika kila siku. Gordon alitumia ukweli kwamba bahari kuu ni karibu nyeusi katika mwanga mwekundu, kwa kuwa maji huufyonza wote, hivyo wekundu wowote unaoonekana juu ya maji hayo lazima uwe umetoka hewani. Ukishapimwa wekundu huo, hukadiriwa ni kiasi gani cha mwanga kingetokana na chembe zilezile katika buluu na kijani, kisha kiasi hicho hutolewa. Ni hesabu ya kutoa tu, lakini bila hiyo picha zote za rangi ya bahari zingekuwa picha za ukungu.

Wakati huohuo, kule Villefranche-sur-Mer nchini Ufaransa, André Morel na Louis Prieur waliweka mwaka 1977 tofauti ambayo wataalamu wanaitumia hadi leo. Kuna maji ya aina ya kwanza, ambayo rangi yake hutawaliwa na fitoplanktoni na mabaki yake, na kuna maji ya aina ya pili, ambamo matope ya mito na rangi ya majani yaliyooza huingilia kati. Katika aina ya kwanza uwiano wa buluu na kijani huaminika. Katika aina ya pili unaweza kupotosha vibaya.

Tarehe 24 Oktoba 1978, setilaiti Nimbus-7 ilirushwa ikiwa imebeba kihisi cha kwanza kilichobuniwa mahsusi kwa rangi ya bahari, kilichofahamika kwa kifupi chake CZCS. Timu yake ya wanasayansi iliongozwa na Warren Hovis. Kihisi hiki kilipima mwanga katika buluu, kijani na nyekundu kwa mikanda minne myembamba, pamoja na mmoja usioonekana kwa macho na mwingine wa joto ulioharibika mapema, kikiwa na uwezo wa kutofautisha vipande vya bahari vya upana wa mita 825, na kioo chake kiliweza kuinamishwa kukwepa mng'ao wa jua juu ya mawimbi. Kilikusudiwa kuwa jaribio la mwaka mmoja. Umeme wa setilaiti ulilazimika kugawanywa kati yake na vyombo vingine, kwa hiyo kiliwashwa kwa sehemu ndogo tu ya siku, na wasimamizi wake walilazimika kuchagua bahari ipi itazamwe na ipi iachwe. Hata hivyo kilidumu hadi mwaka 1986. Mwaka 1980, Gordon, Dennis Clark na wenzao walilinganisha namba zake na vipimo vya meli vilivyochukuliwa chini yake, wakaona vinakubaliana kiasi cha kutosha kuuondoa wasiwasi wa waliokuwa wakipinga.

Mavuno ya jaribio hilo yalichukua muda kufika mikononi mwa watu, kwa sababu kompyuta za wakati ule zilikuwa za polepole na data zilihifadhiwa katika kanda za sumaku. Mwaka 1984, Gene Feldman, pamoja na Clark na David Halpern, alionyesha kile El Niño ya 1982 na 1983 ilichokifanya katika visiwa vya Galápagos: maji yenye fitoplanktoni nyingi, ambayo kwa kawaida hutandaa magharibi mwa visiwa hivyo, yalihama mahali pake mwanzoni mwa 1983, katika kipindi kilekile ambacho ndege wa baharini na sili wa visiwani walishindwa kulea watoto wao. Feldman na wenzake katika kituo cha NASA cha Goddard waliendelea hadi wakazichakata picha zote zilizosalia, zaidi ya 60,000, na kwa mara ya kwanza ikachorwa ramani ya uhai wa bahari zote, yenye majangwa ya buluu katikati ya bahari kuu na mikanda ya kijani kando ya mabara.

Kwa bahari inayopakana na Afrika Mashariki na Uarabuni, ugunduzi muhimu kuliko wote wa kipindi hicho ulitoka kwa Karl Banse na Charles McClain mwaka 1986. Ilikuwa ikijulikana tangu Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, uliofanyika kati ya 1959 na 1965, kwamba pepo za kusi huyasukuma maji ya juu mbali na pwani za Somalia na Oman, na maji baridi ya kina yenye virutubishi hupanda kujaza nafasi, hivyo fitoplanktoni hustawi sana kuanzia Juni hadi Septemba. Banse na McClain walizisoma picha za CZCS wakaonyesha kwamba kaskazini mwa Bahari ya Uarabuni kuna ustawi wa pili, wakati wa kaskazi. Sababu yake ni tofauti: upepo mkavu unaoshuka kutoka bara la Asia huupoza uso wa bahari, maji yaliyopoa huwa mazito na kuzama, na mchanganyiko huo huinua virutubishi kutoka chini. Zile pepo mbili zilizoongoza majahazi kati ya Zanzibar, Lamu, Muscat na Kachchh kwa karne nyingi ndizo pia zinazopanga misimu ya malisho ya bahari hiyo, na hilo halikuweza kuonekana kwa ukamilifu kutoka sitaha ya chombo chochote.

Kisha likaja pengo. CZCS ilipozimika mwaka 1986 hapakuwa na kihisi kingine cha kushika nafasi yake. Mipango ilipangwa na kupanguliwa, ikiwamo ya kupandisha kihisi kipya kwenye setilaiti ya Landsat 6, na mwaka 1991 NASA iliamua kufuata njia isiyokuwa ya kawaida, yaani kununua data kutoka kampuni binafsi, Orbital Sciences, ambayo ingejenga na kuimiliki setilaiti yenyewe. Urushaji ulitazamiwa mwaka 1993, lakini roketi ya Pegasus XL iliyokusudiwa kuibeba ilishindwa katika safari zake za mwaka 1994 na 1995, na setilaiti yenyewe ikawa na matatizo yake. Hasara ya kuchelewa huko haikuwa ya nadharia. Katika miaka ya 1994 hadi 1996 wanasayansi wa mataifa mbalimbali walifanya utafiti mkubwa wa meli katika Bahari ya Uarabuni, uliopangwa kwa matumaini kwamba kihisi kipya kingekuwa angani kikiwaonyesha hali ya maji kila siku. Meli zikaenda, maji yakachujwa, misimu yote miwili ikapimwa, na juu yao hapakuwa na jicho la rangi. Misimu ile haiwezi kurudiwa. Mtu anayetaka leo kujua rangi ya bahari ilivyobadilika tangu 1978 hukuta muongo mzima mtupu, na kulinganisha kilicho kabla yake na kilicho baada yake ni kazi ya mashaka, kwa vile CZCS ilipungukiwa nguvu ya kuona kadiri ilivyozeeka, na volkano ya El Chichón ya Meksiko, iliyolipuka mwaka 1982, ilijaza anga chembe zilizoivuruga hesabu ya kutoa iliyoelezwa hapo juu.

Japani ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa kurusha setilaiti ADEOS mnamo Agosti 1996, ikiwa na kihisi cha OCTS, lakini ilikufa Juni 1997 kwa kuharibika kwa paneli yake ya jua. Tarehe 1 Agosti 1997, hatimaye, ndege kubwa ilipaa kutoka California ikiwa imeibeba roketi ya Pegasus tumboni, ikaiachia angani, na kihisi cha SeaWiFS kikaanza maisha yaliyodumu hadi Desemba 2010. Kilikuwa na mikanda minane, miwili kati yake ikiwa katika mwanga usioonekana ulio nje kidogo ya nyekundu, kwa ajili ya kupima vumbi la hewani kwa uhakika zaidi.

Ubora wa SeaWiFS ulitokana na uangalifu mwingi kuliko ubora wa lenzi zake. Kila mwezi setilaiti nzima ilipinduliwa iutazame mwezi, ukiwa karibu na ukamilifu wake, kwa sababu uso wa mwezi haubadiliki kwa karne na karne, hivyo ukionekana kufifia, kilichofifia ni kihisi. Na karibu na kisiwa cha Lanai, Hawaii, katika maji safi yenye mawingu machache, Dennis Clark alisimamia boya liitwalo MOBY, mlingoti mrefu unaosimama wima majini, wenye mikono inayochomoza kwenye kina cha mita moja, tano na tisa, kila mmoja ukipokea mwanga na kuupeleka kwa nyuzi za kioo hadi kwenye vipimo vilivyo ndani ya boya. Setilaiti ilipopita juu, namba zake zililinganishwa na za boya, na tofauti iliyopatikana ilitumika kuzisahihisha picha za dunia nzima. Boya hilo limehudumia pia vihisi vilivyofuata, na ni vigumu kutaja chombo kingine kimoja cha baharini kilichochangia zaidi.

SeaWiFS iliamka katikati ya El Niño kubwa ya 1997 na 1998, ileile ambayo wakazi wa Afrika Mashariki wanaikumbuka kwa mvua zilizovunja madaraja na kwa matumbawe yaliyogeuka meupe. Katika picha zake, ukanda wa ikweta wa Pasifiki ulikuwa maskini wa fitoplanktoni, na katika Bahari ya Hindi Raghu Murtugudde na wenzake waliona ustawi wa ghafla upande wa mashariki, karibu na Sumatra, mahali ambapo kwa kawaida hapana kitu kikubwa. Katikati ya 1998 hali ya Pasifiki iligeuka kwa kasi, maji baridi yakapanda, na kijani kikaenea kando ya ikweta. Michael Behrenfeld na wenzake walikadiria mwaka 2001 kwamba kati ya Septemba 1997 na Agosti 2000 uzalishaji wa bahari zote ulipanda kutoka takriban tani bilioni 54 za kaboni kwa mwaka hadi bilioni 59. Mwaka 1999 kihisi hichohicho kilinasa pia, katika Bahari ya Kusini, utepe wa kijani wa urefu wa kilomita zipatazo 150 uliotokana na madini ya chuma yaliyomwagwa na watafiti majuma kadhaa kabla, ushahidi wa wazi kwamba katika maji yale fitoplanktoni zilikuwa na njaa ya chuma.

Baada yake vihisi viliongezeka: MODIS ya Marekani katika setilaiti Terra mwaka 1999 na Aqua mwaka 2002, MERIS ya Ulaya kati ya 2002 na 2012, Oceansat za India kuanzia 1999, VIIRS mwaka 2011, na Sentinel-3 za Ulaya kuanzia 2016. Korea Kusini ilipeleka mwaka 2010 kihisi kinachobaki mahali pamoja juu ya dunia na kuyatazama maji ya jirani zake saa baada ya saa.

Wingi huo ulileta tatizo jipya, la kuunganisha namba za vyombo tofauti, na bahari ya magharibi ya Hindi inatoa mfano wa kufundisha kuhusu hatari ya kuhukumu kwa rekodi fupi. Mwaka 2005, Joaquim Goes na wenzake walitangaza katika Science kwamba tangu 1997 fitoplanktoni za msimu wa kusi karibu na pwani ya Somalia zilikuwa zimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 350, wakahusisha ongezeko hilo na kupungua kwa theluji ya Asia, ambako kuliaminika kuutia nguvu upepo wa kusi. Data zilikuwa za kweli, lakini miaka ilikuwa saba tu, na mwaka wa kuanzia, 1997, ulikuwa wa kipekee kwa sababu ya El Niño. Rekodi ilipoongezeka urefu, wachunguzi wa India walionyesha kwamba mwelekeo huo haukuendelea. Mwaka 2016, Mathew Koll Roxy na wenzake, wakitumia picha za setilaiti zilizounganishwa pamoja na mifano ya kompyuta, walifikia hitimisho lililo kinyume, kwamba fitoplanktoni za magharibi mwa Bahari ya Hindi zimepungua kwa kiasi kinachofikia asilimia 20 katika miongo sita, kwa kuwa uso wa bahari uliopata joto hukaa juu kama kifuniko na kuvizuia virutubishi vya chini. Hukumu ya haki ni kwamba hitimisho la pili lina msingi mpana zaidi, ingawa lenyewe linaegemea mifano ya kompyuta kwa miongo ambayo haikuwa na setilaiti. Mwaka 2010 Stephanie Henson alikwisha kuonya kwamba huenda ikahitajika rekodi isiyokatika ya miaka 40 hivi ili mabadiliko ya tabianchi yatofautishwe na kupanda na kushuka kwa kawaida. Kama pengo la 1986 lisingetokea, urefu huo ungekuwa umekwisha kufikiwa.

Katika Bahari ya Oman na Ghuba, manufaa yamekuwa ya haraka zaidi. Mwaka 2008 na 2009 ulienea huko ustawi wa viumbe vyenye madhara, Cochlodinium polykrikoides, uliogeuza maji kuwa mekundu, ukaua samaki na kulazimisha mitambo ya kuondoa chumvi majini, inayowapa watu maji ya kunywa, isimamishwe. Picha za MODIS zilitumika kufuatilia ulikoelekea. Kusini zaidi, mambo ni magumu. Rufiji humwaga matope mbele ya Mafia, miamba na mchanga wa kina kifupi huakisi mwanga wake, na mawingu ya kusi huifunika bahari ya Somalia katika miezi ileile ya ustawi mkubwa. Hayo ni maji ya aina ya pili ya Morel na Prieur, au maji yasiyoonekana kabisa, na fomula zilizotungwa kwa bahari kuu za Atlantiki na Pasifiki zikiletwa huku bila kusahihishwa hutoa klorofili isiyokuwapo.

Tarehe 8 Februari 2024, NASA ilirusha setilaiti PACE, ambayo bajeti kadhaa za serikali ya Marekani zilikuwa zimependekeza ifutwe na Bunge la nchi hiyo likaendelea kuilipia. Badala ya mikanda minane ya SeaWiFS, kihisi chake kikuu huugawa mwanga katika hatua za nanomita tano kutoka urujuanimno hadi infraredi ya karibu, na hivyo huleta uwezekano wa kutambua si wingi wa fitoplanktoni pekee, bali pia ni jamii zipi zilizopo, kwani kila jamii ina mchanganyiko wake wa rangi. Data zake, kama zile za Sentinel-3, hutolewa bure kwa yeyote mwenye kompyuta na mtandao, iwe ni katika Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar au katika taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoko Mombasa. Kinachokosekana upande huu wa Bahari ya Hindi ni vipimo vya majini vya kuzihakiki picha hizo, na vipimo hivyo havihitaji roketi: vinahitaji boti, chupa, karatasi za kuchujia, friji, na mishahara ya watu watakaokwenda mahali palepale kila mwezi, kusi na kaskazi, kwa miaka mingi. Serikali za Tanzania, Kenya na Somalia zingeziwekea kazi hizo fungu la kudumu katika bajeti zake, badala ya kuziachia miradi ya wafadhili inayokwisha baada ya miaka mitatu, wataalamu wa pwani hii wangeweza kusahihisha wenyewe ramani za bahari inayowalisha watu wao.